Kuhamia Betri za Lithiamu kwenye Boti Ndogo: Chaji Kwanza, Betri Baadaye

Mwenye boti ndogo anayetaka kuachana na betri za risasi kwa kawaida huanza dukani: hununua betri ya lithiamu yenye umbo linalolingana na la zamani, huifunga mahali palepale kwa nyaya zilezile, na kwa wiki chache huona kila kitu kinakwenda vizuri. Matatizo hujitokeza baadaye, na mara nyingi hayatokei kwenye betri bali kwenye altaneta (jenereta ndogo inayozungushwa na injini ili kuchaji betri), kwenye chaja ya zamani, au kwenye fyuzi ambayo haikuwahi kutazamwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio wa kinyume: vitu vinavyoichaji betri na kuilinda vinashughulikiwa kwanza, na betri yenyewe inaingia chomboni karibu na mwisho wa kazi.

Betri inayozungumziwa hapa

Lithiamu ni jina la ukoo mzima wa betri. Inayofaa boti ni ile ya lithiamu na fosfati ya chuma, ambayo huandikwa LiFePO4 au LFP kwenye kasha lake. Seli zake huvumilia joto kubwa kuliko seli zenye kobalti kabla ya kufikia hatua ya hatari, na nne zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 12.8, kiasi ambacho vifaa vya boti vya volti 12 vinakipokea bila shida. Betri ya aina nyingine ya lithiamu, hata ikiuzwa kwa bei ya kuvutia, haina nafasi chini ya sakafu ya chombo ambacho watu hulala ndani yake.

Ndani ya kasha kuna bodi ya ulinzi, inayojulikana kwa herufi BMS. Bodi hii hupima volti ya kila seli, joto, na mkondo unaoingia na kutoka, na mambo yakivuka mipaka hukata umeme. Kwa kawaida hukata chaji pale seli moja inapofika takriban volti 3.65, na hukata matumizi pale seli inaposhuka hadi karibu volti 2.5. Tabia hii ya kukata ghafla ndiyo tofauti ambayo mwenye boti anapaswa kuielewa kuliko zote. Betri ya risasi huchoka polepole: taa hufifia, pampu hubadilika sauti, na nahodha hupata muda wa kushtuka. Betri ya lithiamu hushikilia nguvu yake karibu hadi mwisho, kisha chombo chote huingia gizani kwa mara moja.

Faida zake zinajulikana na hazihitaji maneno mengi. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 (yaani ampea inazotoa mara saa inazozitoa) iliyotengenezwa kwa matumizi ya muda mrefu ina uzito wa takriban kilo 30, na ikitunzwa vizuri haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake. Ya lithiamu yenye uwezo huohuo ina uzito wa kilo 10 hadi 14 na huruhusu asilimia 80 au zaidi kutumika, kwa maelfu ya mizunguko badala ya mamia. Zaidi ya hayo, betri ya risasi hupokea sehemu ya mwisho ya chaji kwa kudonoadonoa, saa baada ya saa, ilhali ya lithiamu hupokea mkondo mkubwa hadi inapokaribia kujaa. Kwa mtu anayechaji kwa jua, faida hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kuliko uzito uliopungua.

Hesabu ya matumizi

Orodhesha kila kifaa, ampea kinazovuta, na saa kinazofanya kazi kwa siku. Tuseme friji inavuta jumla ya ampea-saa 40 kwa siku, redio ya VHF na vifaa vya kuongozea safari 15, taa 5, na kuchaji simu 10. Jumla ni ampea-saa 70. Kwa betri za risasi mahitaji hayo yangedai benki (betri zilizounganishwa pamoja) ya ampea-saa 140 angalau. Kwa lithiamu, 70 ukigawanya kwa 0.8 unapata takriban 88, kwa hiyo betri moja ya ampea-saa 100 inatosha kwa siku isiyo na chaji yoyote. Mwenye mota ya umeme ya kusukumia boti anahitaji hesabu tofauti, kwa sababu mota inayovuta ampea 50 kwa kasi ya mwisho itaimaliza betri hiyohiyo kwa muda usiozidi saa mbili.

Baada ya uwezo, tazama mkondo. Betri nyingi za ampea-saa 100 zina bodi inayoruhusu ampea 100 mfululizo. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama ule wa nyumbani, ikiwa ya wati 1,000, ukihesabu na upotevu wake, huvuta karibu ampea 87 na inaweza kubebwa na betri moja. Inveta ya wati 2,000 huvuta zaidi ya ampea 170, na bodi itakata mara tu birika la umeme linapowashwa, hata kama betri imejaa. Tatizo hilo halitatuliwi kwa kuchaji zaidi. Linahitaji betri mbili sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), au inveta ndogo.

Kukagua vyanzo vya chaji

Chukua karatasi uandike kila kitu kinachoweza kupeleka umeme kwenye betri: chaja ya umeme wa gatini, paneli za jua, na injini. Kila kimoja kinapaswa kuthibitishwa au kubadilishwa kabla ya betri mpya kuingia chomboni.

Chaja ya gatini inafaa ikiwa ina mpangilio wa lithiamu, au ikiwa inaruhusu mwenyewe kupanga volti. Mipangilio inayofaa kwa betri nyingi ni volti 14.2 hadi 14.4 kwa hatua ya kujaza na takriban 13.5 kwa hatua ya kutunza, ingawa neno la mwisho ni la mtengenezaji wa betri. Mambo mawili yazimwe kabisa. La kwanza ni hatua ya kusawazisha, ambayo kwa betri za maji (za risasi zenye asidi ya majimaji) hupandisha volti hadi 15 na zaidi. La pili ni marekebisho ya joto, ambayo hupandisha volti wakati wa baridi kwa manufaa ya risasi na kwa hasara ya lithiamu. Chaja ya zamani isiyokuwa na swichi ya kuzima hatua hizo haifai, hata kama bado ni nzima.

Kidhibiti cha paneli za jua hukaguliwa kwa namna hiyohiyo, na vingi vya kisasa hukubali kupangwa. Kumbuka tu kwamba kidhibiti huunganishwa na betri kwanza na paneli mwisho, na wakati wa kufungua paneli huondolewa kwanza. Kidhibiti kinachobaki na paneli bila betri kinaweza kupeleka volti isiyodhibitiwa kwenye vifaa, au kuharibika chenyewe.

Chanzo cha tatu, injini, ndicho kinachovunja miradi mingi, na hapa inafaa kutua kidogo. Altaneta ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya betri ya risasi, ambayo huomba mkondo mkubwa kwa muda mfupi kisha hupunguza ombi lake yenyewe. Betri ya lithiamu ina ukinzani mdogo sana wa ndani na haipunguzi ombi lake hadi ikaribie kujaa. Altaneta ya ampea 80 italazimika kutoa karibu kila inachoweza kwa saa nzima, na injini inapozunguka polepole, feni ya altaneta nayo inazunguka polepole, kwa hiyo joto halina pa kwenda. Koili huungua, au diodi hufa.

Hatari ya pili ni ya kinyume. Bodi ya ulinzi ikikata betri wakati altaneta inatoa mkondo mkubwa, nguvu iliyo kwenye koili inakosa mahali pa kuingia, na kwa sehemu ndogo ya sekunde volti hupaa mara kadhaa juu ya kawaida. Diodi za altaneta zinaweza kufa hapohapo, pamoja na kifaa chochote cha elektroniki kilichokuwa kwenye laini ileile.

Suluhisho ambalo kwa maoni yangu linafaa boti nyingi ndogo ni kuacha betri ya risasi kwa ajili ya stata (mota inayowasha injini), kuiacha altaneta ichaji betri hiyo peke yake kama ilivyokuwa, na kufunga chaja ya DC kwenda DC (inayochaji betri moja kwa umeme wa betri nyingine) kati ya betri hiyo na ya lithiamu. Chaja ya ampea 30 huweka kikomo cha mkondo unaotoka kwenye altaneta, hutoa volti sahihi kwa lithiamu, na ikitokea bodi imekata, altaneta bado ina betri ya risasi ya kuegemea. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na altaneta mpya. Njia nyingine ni kidhibiti cha nje cha altaneta chenye kihisi cha joto. Hiyo ni njia nzuri kwa chombo kinachotegemea injini kwa chaji yote, lakini inadai ufundi zaidi, na kwenye injini nyingi za kupachika haiwezekani.

Kwa injini ndogo za kupachika kuna jambo la kuangalia kabla ya yote. Baadhi zina koili ya chaji isiyokuwa na kidhibiti cha volti. Pima volti kwenye betri ya sasa ikiwa imejaa na injini ikizunguka kwa kasi: ukiona inapanda juu ya 15, koili hiyo isiunganishwe kamwe na lithiamu moja kwa moja.

Swali la kutumia lithiamu kuwashia injini huulizwa mara nyingi. Stata huvuta mamia ya ampea kwa sekunde chache, na bodi nyingi hazikutengenezwa kwa ajili hiyo. Kama mtengenezaji wa betri na mtengenezaji wa injini hawajaandika wazi kwamba inaruhusiwa, jibu ni hapana.

Fyuzi, kebo na kile kisichopaswa kuzimika

Betri ya lithiamu ikipigwa shoti inaweza kumwaga maelfu ya ampea, na fyuzi dhaifu inaweza kuyeyuka huku umeme ukiendelea kuruka kati ya ncha zake. Fyuzi kuu inayopendekezwa kwa betri hizi ni ya daraja la T, ambayo ina uwezo wa kukata mkondo wa shoti wa hadi ampea 20,000. Zile za bapa za ANL hukata hadi ampea 6,000, kiasi ambacho benki ya betri kadhaa inaweza kukivuka. Ifunge kwenye kebo ya chanya, karibu na terminali kadiri inavyowezekana, ndani ya sentimita 18 hivi, kwa sababu kipande cha kebo kilichoko kabla ya fyuzi hakilindwi na chochote. Chaja ya DC kwenda DC inahitaji fyuzi pande zote mbili, kwa kuwa pande zote mbili zina betri.

Ukubwa wa fyuzi huchaguliwa kulinda kebo, na ukubwa wa kebo huchaguliwa kwa mkondo na urefu wake. Kwa mfano, ampea 50 zikipita kwenye kebo ya shaba ya milimita za mraba 16 yenye mita 5 za kwenda na 5 za kurudi, hupotea takriban volti 0.55, zaidi ya asilimia 4. Ukitumia ya milimita za mraba 25, upotevu unashuka hadi volti 0.35, chini ya asilimia 3, ambayo ndiyo kikomo kizuri kwa vifaa muhimu. Chagua shaba iliyopakwa bati. Shaba tupu baharini hugeuka kijani chini ya plastiki hata kabla ya jicho kuona.

Kisha amua kitu gani hakitakiwi kuzimika hata bodi ikikata. Pampu ya kufua maji ngamani ndiyo ya kwanza, na redio ya VHF ni ya pili. Vyote viwili vinaweza kulishwa na betri ya risasi ya stata kupitia fyuzi zao, au viwekewe swichi ya kuchagua betri. Boti iliyoachwa gatini kwa mwezi, ikiwa na pampu inayotegemea lithiamu peke yake, inaweza kuzama kwa sababu bodi ilifanya kazi yake sawasawa.

Kubadilisha

Piga picha nyaya zote kabla ya kugusa spana, na weka lebo kwenye kila waya. Zima mizigo yote, chomoa umeme wa gatini, ondoa paneli kwenye kidhibiti, kisha fungua kebo ya hasi kwanza na ya chanya baadaye. Betri za maji zibebwe zikiwa wima na watu wawili, kwa glavu na miwani, kwa sababu asidi iliyomo haina huruma kwa nguo wala kwa macho. Safisha sehemu zilipokuwa kwa maji yenye magadi na uziache zikauke.

Mahali pa betri mpya pawe pakavu na mbali na joto la injini. Lithiamu haipendi kuchajiwa juu ya nyuzi joto 45, na chini ya nyuzi 0 haitakiwi kuchajiwa kabisa, ingawa inaweza kutoa umeme katika baridi kali zaidi. Chumba cha injini kwa hiyo hakifai, hata kama betri za zamani zilikaa humo. Ifunge kwa mkanda au fremu kiasi kwamba boti ikiyumba haisogei zaidi ya sentimita 2.5 upande wowote. Katika boti ndogo sana, kuondoa kilo 40 au 50 tezini hubadilisha jinsi chombo kinavyokaa majini. Wakati mwingine ni kwa uzuri, wakati mwingine omo hushuka na itakubidi kuhamisha nanga au tangi.

Ikiwa betri ni mbili sambamba, ziwe za aina moja, uwezo mmoja na umri mmoja. Chaji kila moja peke yake hadi ijae kabla ya kuziunganisha, kisha chukua chanya kutoka ya kwanza na hasi kutoka ya mwisho ili zifanye kazi sawa. Kuziunganisha kwa mfululizo ili kupata volti 24 kunaruhusiwa tu pale maelekezo ya betri yanaposema hivyo.

Kosa moja dogo hujirudia kwenye terminali. Fundi huweka washa ya chuma cha pua chini ya kichwa cha kebo, kati yake na terminali, na mkondo wote hulazimika kupita kwenye chuma hicho ambacho hupitisha umeme vibaya. Kichwa cha shaba kikae moja kwa moja juu ya terminali, washa ije juu yake, kisha boliti, ikazwe kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Baadaye washa mizigo mikubwa yote kwa dakika 20, izime, uguse kila kiungo kwa kidole. Kiungo chenye joto kuliko kebo yake kifunguliwe na kufungwa upya. Vichwa vilivyobanwa kwa nyundo au plaisi havina kazi hapa. Tumia mashine ya kubania ya ukubwa unaofaa, uvute kila kichwa kwa nguvu zote kabla ya kukifunika.

Inveta kubwa inapounganishwa mara ya kwanza hutoa cheche, kwa kuwa kapasita zake zinajazwa kwa pupa, na baadhi ya bodi huiona cheche hiyo kuwa ni shoti na kukata. Kugusisha kebo kwanza kupitia kizuizi cha umeme (rezista) cha ohmu kadhaa kwa sekunde chache huzuia jambo hilo.

Chaji ya kwanza na mita

Betri nyingi hutoka kiwandani zikiwa na chaji ya sehemu tu. Ichaji hadi volti 14.2 au 14.4 na uiache hapo kwa saa chache, maana bodi nyingi hulinganisha volti za seli (jambo tofauti na hatua ya kusawazisha ya chaja) karibu na kujaa pekee. Ukikuta betri mpya inasoma volti 0 au karibu na hapo, usikimbilie kuirudisha dukani: inawezekana bodi imelala baada ya kukata. Chaja nyingi haziwezi kuitambua betri ya namna hiyo na hukataa kuanza. Chaja yenye hatua ya kuamsha lithiamu huimaliza kazi kwa dakika chache.

Mita ya volti, ambayo kwa betri za risasi ilikuwa mwongozo wa kuridhisha, hapa haisaidii. Volti 13.2 inaweza kuwa nusu ya betri au zaidi sana ya nusu, na tofauti ni ndogo kiasi kwamba kuwaka kwa friji peke yake kunaifuta. Kinachohitajika ni mita ya shanti, inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Shanti hufungwa upande wa hasi, na kila waya wa hasi lazima upite upande wake wa mizigo. Waya mmoja uliosahaulika kwenye terminali ya betri, mara nyingi ule mwembamba wa pampu au wa kidhibiti cha jua, unatosha kuifanya mita idanganye kidogo kila siku hadi asilimia 60 inayoonyeshwa iwe 20 kweli. Mpangilio wa kuanzia ni ufanisi wa chaji wa asilimia 99 na kigezo cha Peukert (namba inayoonyesha jinsi uwezo unavyopungua mkondo unapokuwa mkubwa) cha 1.05, na mita itambue kwamba betri imejaa pale volti inapozidi 14 huku mkondo wa chaji ukiwa umeshuka hadi asilimia 4 ya uwezo. Weka kengele kwenye asilimia 20. Ndiyo onyo ambalo betri yenyewe haitoi.

Kabla ya kuondoka gatini, jaribu mambo mawili kwa makusudi. Zima swichi kuu ya lithiamu injini ikiwa inazunguka, lakini tu ikiwa altaneta inachaji betri ya risasi pekee, uthibitishe kwamba injini, redio na pampu vinaendelea. Kisha gusa altaneta kwa kipima joto baada ya nusu saa ya chaji ya DC kwenda DC. Ikiwa inazidi nyuzi 100, punguza kikomo cha ampea kwenye chaja.

Boti itakayokaa bila kutumika kwa miezi iachwe na betri ikiwa kati ya asilimia 40 na 60, mizigo yote ikiwa imekatwa na chaja ya gatini ikiwa imezimwa. Mazoea ya zamani ya kuacha chaja ikifanya kazi msimu mzima yaliisaidia risasi. Lithiamu hupoteza asilimia chache tu kwa mwezi, na kukaa imejaa kwa muda mrefu, hasa kwenye joto, huizeesha. Betri ya risasi ya stata, ambayo bado inahitaji kutunzwa ikiwa imejaa, ipewe chaja yake ndogo au paneli ndogo ya jua, na pampu ya ngamani ibaki imeunganishwa nayo.